Vincent van Gogh: barua zilizobaki katika droo ya mdogo wake

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alifariki tarehe 29 mwezi wa saba mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 37. Leo picha zake zinauzwa kwa mamilioni ya dola, na watu wengi wanazitambua hata kama hawajui jina lake: maua ya alizeti ya njano, anga la usiku linalozunguka, kitanda cha mbao katika chumba kidogo. Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya kwa mkono wake, ambayo haikukusudiwa kuuzwa wala kuonyeshwa kwa watu. Ni barua. Aliandika kwa muda wa miaka 18, na nyingi kati ya hizo zilimwendea mtu mmoja tu: mdogo wake, Theo.

Barua zake zinazojulikana leo ni karibu 820. Zaidi ya 650 kati ya hizo aliandikiwa Theo. Ndani ya barua hizo kuna michoro zaidi ya 200: kinu, daraja, mtu anayepanda mbegu, mashua ufukweni, viatu, vitanda, mashamba. Mara nyingi mchoro na maneno vinakaa kwenye karatasi moja, kwa kalamu moja na wino uleule. Sentensi inafika ukingoni mwa mchoro, inasimama, kisha inaendelea chini yake. Anayeishika karatasi hiyo anaona mtu ambaye hakutenganisha kuandika na kuchora.

Watoto wa mchungaji

Vincent alizaliwa tarehe 30 mwezi wa tatu 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti. Theo alizaliwa miaka minne baadaye, tarehe 1 mwezi wa tano 1857. Baba yao mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa picha. Kupitia kwake, Vincent alipata kazi akiwa na miaka 16 katika kampuni ya Goupil mjini La Haye, mji ambao Wakongomani wengi leo wanaujua kwa sababu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Mwezi wa nane mwaka 1872, Theo, akiwa kijana wa miaka 15, alikwenda kumtembelea kaka yake mjini humo. Walitembea pamoja nje ya mji, kwenye barabara ya Rijswijk, wakafika kwenye kinu na kunywa maziwa. Matembezi hayo ya siku moja hawakuyasahau. Vincent aliendelea kuyakumbusha katika barua kwa miaka mingi. Theo alipoondoka, Vincent alimwandikia barua fupi tarehe 29 mwezi wa tisa, akimweleza jinsi alivyoona ajabu kurudi nyumbani mchana na kutomkuta. Hiyo ndiyo barua ya kwanza inayojulikana kati yao.

Mwanzoni mwa mwaka 1873, Theo naye aliingia katika kampuni hiyohiyo, tawi la Brussels. Vincent alihamishiwa London, kisha Paris. Ndugu hao wawili walikuwa na kazi moja, lakini njia zao zilianza kuachana. Vincent alichoka na biashara ya picha, akafukuzwa kazi mwaka 1876. Alifundisha shule Uingereza, akauza vitabu Uholanzi, akaanza masomo mjini Amsterdam ili awe mchungaji kama baba yake, akayaacha. Katika barua za miaka hiyo anaonekana bado si mchoraji. Hata hivyo, hapa na pale anaweka mchoro mdogo, kama ule wa mandhari aliyoyaona kupitia dirisha la shule mjini Ramsgate. Aliuchora ili nyumbani wajue mahali alipo.

Kimya, kisha faranga 50

Mwishoni mwa mwaka 1878, Vincent alikwenda Borinage, eneo la machimbo ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji, kuwahubiria wachimbaji. Alishuka katika mgodi wa Marcasse, wenye kina cha mita 700. Aliona wanaume, wanawake na watoto wakifanya kazi humo, akaona wagonjwa wa homa na walioungua kwa milipuko. Aliwapa watu nguo zake na alichokuwa nacho, akaishi katika kibanda. Wakubwa wa kanisa waliona amevuka mpaka, wakamwondoa kazini mwaka 1879.

Mwezi wa nane mwaka huo Theo alimtembelea na kumshauri atafute kazi ya maana. Vincent aliumia. Baada ya hapo barua zilikatika. Kwa karibu mwaka mzima hakuna neno hata moja linalojulikana kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo.

Kilichovunja kimya hicho ni pesa. Theo, ambaye wakati huo alikuwa na kazi nzuri Paris, alituma faranga 50 kupitia kwa wazazi. Katikati ya mwaka 1880, Vincent alichukua kalamu kumshukuru. Barua iliyotoka ilikuwa ndefu sana, na aliiandika kwa Kifaransa. Alijitetea. Alieleza kwamba kuna mtu ambaye ni mvivu kwa tabia, na kuna mwingine anayeonekana mvivu kwa sababu mikono yake imefungwa na hajapata kazi aliyoumbiwa. Alijifananisha na ndege aliye ndani ya tundu, anayejua kwamba msimu umefika lakini hawezi kuruka. Wiki chache baadaye alikuwa ameamua: atakuwa mchoraji. Alikuwa na miaka 27.

Kuanzia hapo Theo ndiye aliyemlisha. Kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata alimtumia kiasi cha faranga 150 kwa mwezi, pamoja na rangi na vitambaa vya kuchorea. Karibu kila barua ya Vincent inaanza kwa kumshukuru kwa noti aliyoikuta ndani ya bahasha. Familia nyingi zinazoishi kwa pesa ambazo ndugu wa mbali anatuma kwa simu zitalielewa jambo hilo upesi: anayetuma anataka kujua pesa inafanya nini, na anayepokea anataka aonekane hakuitupa.

Mchoro kama taarifa

Hapo ndipo uzuri wa barua hizi unapopata sababu yake. Vincent hakuchora ndani ya barua ili kuipamba. Alichora kwa sababu Theo alikuwa mbali na picha ilikuwa bado mbichi. Rangi aliyotumia ilikuwa nzito. Ilichukua majuma kabla haijakauka kiasi cha kukunjwa na kutumwa. Barua ilitangulia. Kwa mistari michache ya wino, Theo aliweza kuona kazi ambayo pesa yake ilikuwa imenunua.

Mwaka 1882, Vincent akiwa amerudi La Haye, alitengenezesha fremu ya mbao yenye nyuzi zilizokatizana, ambayo inamsaidia mchoraji kupima umbali. Fundi wa chuma aliiwekea ncha na vyuma vya kona. Vincent aliichora katika barua, ikisimama kwenye mchanga wa pwani ya Scheveningen juu ya miti miwili, na yeye akitazama kupitia hapo kama mtu aliye dirishani. Kifaa chenyewe kilikuwa kimegharimu pesa za Theo, na sasa Theo aliweza kuona kinavyosimama na kinavyofanya kazi.

Miaka mitatu baadaye, katika kijiji cha Nuenen, alikuwa akichora familia ya wakulima watano wakila viazi chini ya taa. Hiyo ni picha inayojulikana leo kama Wala Viazi. Kabla haijamalizika, alichora mpangilio wake katika barua ya mwezi wa nne 1885: vichwa vinavyoinama, meza, taa inayoning'inia katikati. Siku chache kabla ya hapo baba yao alikuwa amefariki ghafla. Ndugu hao wawili walikuwa wamekutana kwenye mazishi, kisha Theo akarudi Paris. Barua zikaendelea.

Mwandiko wake nao unaeleza habari zake. Barua za ujana ni safi, zimepangwa kama kazi ya karani wa duka. Baadaye mkono unakuwa wa haraka, maneno yanakatwa, mistari inabanana, na mara nyingi anaongeza ukurasa mwingine baada ya kuwa ameshaaga. Aliacha kuandika tarehe katika barua nyingi. Kwa sababu hiyo, wataalamu walilazimika kuzipanga kwa kufuata mambo yaliyotajwa ndani yake, kama vile hali ya hewa, pesa iliyofika na picha iliyoanzwa. Mwishoni mwa barua kwa Theo, mara kwa mara, aliweka maneno ya kumpa mkono kwa mawazo, kama mtu anayenyosha mkono juu ya meza. Kisha anatia sahihi kwa jina moja tu, Vincent.

Theo alitunza hata barua zenye matusi

Urafiki huo haukuwa wa maneno matamu peke yake. Mwaka 1882, Vincent aliishi na Sien Hoornik, mwanamke maskini aliyekuwa amefanya ukahaba, mwenye mtoto na mimba. Familia ilikasirika. Alimweleza Theo kila kitu kwa barua, akiogopa kwamba pesa zitakatwa. Theo hakukubaliana naye, lakini hakukata pesa.

Mwanzoni mwa 1884 ilikuwa zamu ya Vincent kulaumu. Aliona mdogo wake, ambaye alikuwa muuzaji wa picha katika mji mkubwa wa sanaa, hafanyi juhudi ya kuuza kazi zake. Alimwandikia kwa ukali. Walifikia mapatano: picha ambazo Vincent atatuma zitakuwa mali ya Theo, ili pesa za kila mwezi zisionekane sadaka bali malipo. Kwa mtu aliyeona aibu kulishwa na mdogo wake, tofauti hiyo ilikuwa kubwa.

Mtu mwingine angeyachoma maneno yale ya hasira. Theo aliyaweka pamoja na mengine.

Kisha kuna kipindi ambacho barua karibu zinatoweka. Mwishoni mwa mwezi wa pili 1886, Vincent alifika Paris bila kutoa taarifa ya kutosha. Alimtumia Theo kikaratasi kilichoandikwa kwa chaki nyeusi, akimwomba wakutane katika jumba la makumbusho la Louvre. Kwa miaka miwili walikaa nyumba moja. Ni miaka ambayo Vincent alibadilika sana, akaacha rangi za giza na kuanza kutumia rangi kali. Lakini ndiyo miaka ambayo mawazo yake yanajulikana kidogo kuliko mengine, kwa sababu waliongea mezani na maneno yao hayakubaki kwenye karatasi.

Chumba cha Arles

Mwezi wa pili 1888, Vincent alihamia Arles, kusini mwa Ufaransa, na barua zikarudi kwa wingi. Sasa alimwandikia Theo kwa Kifaransa. Alikata matete ya huko na kuyatumia kama kalamu kwa michoro mikubwa aliyotuma Paris. Alikodi nyumba ya njano, akaipamba akimsubiri mchoraji mwenzake, Paul Gauguin.

Tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka huo alikuwa amechoka macho na amelazimika kupumzika. Alimwandikia Theo kuhusu picha mpya: chumba chake mwenyewe cha kulala. Alikichora ndani ya barua kwa wino: kitanda kizito upande wa kulia, viti viwili, meza ndogo yenye beseni, dirisha, picha ukutani. Wino hauna rangi, kwa hiyo alizieleza rangi moja baada ya nyingine: kuta za zambarau hafifu, sakafu ya vigae vyekundu, mbao za kitanda za njano, blanketi jekundu, dirisha la kijani, beseni la buluu. Theo, akiwa Paris na karatasi mkononi, alipaswa kuupaka mchoro huo rangi kichwani mwake. Kesho yake Vincent aliandika tena kuhusu chumba hicho, safari hii kwa Gauguin, akachora tena. Barua hiyo sasa iko katika maktaba ya Morgan, New York.

Chumba hicho hakina mtu ndani. Vincent alitaka picha ilete wazo la kupumzika na kulala. Kwa ndugu aliyekuwa akilipia nyumba hiyo, mchoro ulikuwa pia njia ya kuingizwa hadi chumba cha ndani kabisa, ambako mgeni wa kawaida hafiki.

Utulivu huo haukudumu. Gauguin alifika tarehe 23 mwezi wa kumi. Miezi miwili baadaye kamili, tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili, baada ya ugomvi kati yao, Vincent alijikata sikio. Theo, ambaye siku hizohizo alikuwa amekubaliana kuoana na Jo Bonger, alipanda treni hadi Arles kumwona hospitalini, kisha akarudi Paris.

Mwezi wa tano 1889, Vincent aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy. Alikaa huko mwaka mmoja. Alipokuwa na nafuu alichora na kuandika. Ugonjwa uliporudi, kalamu ilinyamaza. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 1890, Jo alijifungua mtoto wa kiume, na Theo alimwandikia kaka yake kwamba mtoto amepewa jina lake. Vincent alijibu kwa picha: matawi ya mlozi yenye maua meupe juu ya anga la buluu, kwa ajili ya mtoto huyo.

Barua mbili za mwisho

Mwezi wa tano 1890, Vincent alihamia Auvers-sur-Oise, kijiji kilicho karibu na Paris. Tarehe 23 mwezi wa saba alituma barua yenye oda ya rangi na michoro, mmojawapo ukionyesha bustani ya mchoraji Daubigny. Hiyo ndiyo ya mwisho iliyofika kwa posta.

Tarehe 27 mwezi huo alijipiga risasi. Alirudi kwa miguu hadi nyumba ya wageni alikokuwa akikaa. Theo aliitwa, akafika, akakaa kando ya kitanda mpaka kaka yake alipofariki tarehe 29. Mwilini mwa Vincent ilikutwa barua nyingine, ambayo hakuituma. Ilikuwa ya Theo. Ndani yake alimwambia mdogo wake kwamba yeye si muuzaji wa kawaida, na kwamba ana sehemu yake katika kazi zilizochorwa.

Theo hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Afya yake iliporomoka, akafariki tarehe 25 mwezi wa kwanza 1891 mjini Utrecht. Alikuwa na miaka 33.

Kazi ya mjane

Jo alibaki na miaka 28, mtoto ambaye bado hajafikisha mwaka, mamia ya picha ambazo karibu hakuna aliyezitaka, na barua. Alikuwa amezijua tangu alipoolewa. Alipoingia katika nyumba ya Theo mjini Paris, alikuta droo ya meza ndogo imejaa bahasha za njano zenye mwandiko wa shemeji yake, na kila juma aliona nyingine zikiongezeka.

Alirudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni katika mji wa Bussum ili apate riziki, na usiku alisoma barua. Alianza kwa kutafuta humo sauti ya mumewe, akamkuta Vincent. Alipanga maonyesho, akauza picha kwa uangalifu, akangoja. Hakutaka watu wavutwe na habari za maisha ya marehemu kabla hawajaiheshimu kazi yake. Ni mwaka 1914 tu ndipo alipotoa barua kwa Theo katika vitabu 3. Mwaka huohuo aliuhamisha mwili wa mumewe kutoka Utrecht hadi Auvers, ukazikwa kando ya Vincent. Kisha akaanza kuzitafsiri barua kwa Kiingereza, kazi aliyoendelea nayo hadi karibu na kifo chake mwaka 1925.

Mtoto aliyepewa jina la Vincent ndiye aliyesaidia kuanzisha jumba la makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, lililofunguliwa mwaka 1973. Sehemu kubwa ya barua iko humo. Haziwekwi wazi kwa muda mrefu kwa sababu mwanga unaharibu karatasi na kufifisha wino. Baadhi ya wino ambao ulikuwa mweusi tayari umekuwa wa kahawia. Mwaka 2009 barua zote zilitolewa upya katika vitabu 6, na pia kwenye intaneti bila malipo, pamoja na picha za kila ukurasa. Mwaka 2020 jumba hilo lilinunua barua moja ya kurasa 4, ambayo Vincent na Gauguin waliiandika pamoja kwa mchoraji mwenzao Émile Bernard, kwa Euro 210 600.

Mazungumzo hayo, hata hivyo, yana upande mmoja uliopungua. Vincent hakuwa na tabia ya kutunza karatasi, na alihama mara nyingi. Katika barua zote ambazo Theo alimwandikia, zilizobaki ni karibu 40 tu. Majibu mengine ya Theo yamepotea pamoja na noti alizozifunga ndani yake, na msomaji wa leo anayakisia kutokana na shukrani za Vincent.

Auvers, makaburi yao mawili yako sambamba kando ya ukuta, yamefunikwa na mmea mmoja unaotambaa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.